Duka lako lilikuwa linatembea? Namna ya kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti

Bango la kwanza la duka langu liliandikwa STATIONARY, kwa herufi nyekundu kubwa, na lilikaa juu ya mlango miaka miwili bila mtu kusema neno. Mwaka wa tatu akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kutoa kopi ya kitambulisho. Nikamwamkia, akaitikia, akapokea kopi zake, akatoka hadi kibarazani, akainua kichwa, halafu akarudi ndani.

"Mwanangu," akaniuliza, "hili duka lako lilikuwa linatembea?"

"Hapana mzee wangu, liko hapahapa tangu nifungue."

"Basi mbona umetangaza kwamba limesimama?"

Nilicheka kwa adabu, sikuelewa kitu. Usiku nikafungua kamusi. Stationary, yenye a, ni kitu kilichosimama, kisichosogea. Stationery, yenye e, ni karatasi, kalamu, bahasha, yaani vyote ninavyouza mimi. Fundi wa mabango akaja akageuza ile A kuwa E, ila kwa uvivu wake hakukwangua rangi ya zamani. Masika yakikolea A inachungulia kwa chini mpaka leo.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba maneno hayo mawili yametoka tumbo moja. Zamani Ulaya wauzaji wengi wa bidhaa ndogondogo walizunguka na mizigo mgongoni kama wamachinga wetu. Muuza vitabu aliyekuwa na kibanda cha kudumu, pengine karibu na chuo, akaitwa kwa Kilatini stationarius, mtu aliyetulia mahali pamoja. Waingereza wakamwita stationer, na bidhaa zake zikawa stationery. Kwa hiyo bango langu halikuwa mbali sana na ukweli. Ningemjua yule mzee anakaa wapi ningemfuata nikamjibu.

Nimeuza karatasi na kuwachapia watu barua hapa Morogoro miaka kumi na minne. Sina shahada ya Kiingereza. Nilicho nacho ni foleni: barua za kuomba kazi, sivii, ripoti za utafiti za wanachuo zinazoletwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, kadi za harusi, ratiba za mazishi, mabango ya gereji. Haya ninayoandika nimeyashika kwa kuharibu karatasi zangu mwenyewe, na karatasi si bure.

Magonjwa mawili, dawa mbili

Watu wakija kuniuliza wanataka orodha: jozi mia mbili za maneno, wabandike ukutani. Mimi nilibandika. Ilikaa hadi ikawa njano na sikujifunza lolote, kwa sababu orodha ilichanganya magonjwa mawili.

Ugonjwa wa kwanza ni wa maneno yanayotamkwa sawasawa hata London: peace na piece, their na there, principal na principle. Haya Mwingereza mwenyewe anayakosea, tena kila siku, wala usione haya. Ugonjwa wa pili ni wetu. Kwa Mwingereza live na leave ni maneno mawili tofauti kabisa, kama kwetu kuku na kaka. Kwetu sisi yote ni "livu".

Sababu ya huu wa pili ni irabu. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandika, kila moja na yake, mambo yamekwisha. Kiingereza kinachofundishwa shuleni kwetu kina sauti za irabu zipatazo ishirini, nazo zimebanana kwenye herufi zilezile tano. Neno likivuka kuja mdomoni mwetu linakuta milango mitano tu. Hat, hut, heart na hurt, maneno manne yenye kofia, kibanda, moyo na maumivu, kwa wengi wetu yanaingia mlango mmoja wa "hati".

Nimeanza na hilo kwa sababu dawa zinatofautiana. Kwa ugonjwa wa kwanza kusoma kwa sauti hakukusaidii hata kidogo, maana sauti ni ileile. Inabidi ushike maana. Kwa ugonjwa wa pili, mdomo ukizoezwa unasaidia.

Na ukijiuliza kwa nini Waingereza waliandika sauti moja kwa njia mbili, jibu fupi ni kwamba hazikuwa sauti moja. Kati ya karne ya 14 na ya 17 hivi irabu zao ndefu zilihama, zikabadilika moja baada ya nyingine. Meat na meet zilikuwa zinatamkwa tofauti, na hata k ya knight ilikuwa inasikika. Sasa katikati ya huko kuhama, mwaka 1476, William Caxton akafungua mtambo wa kuchapa vitabu pale Westminster, na tahajia ikaanza kuganda kwenye chapa wakati midomo bado inatembea. Sisi tulipata bahati ya kuchelewa: Kiswahili sanifu cha herufi za Kilatini kilikalishwa vikao na kamati iliyoanzishwa 1930, watu wazima mezani, wakaandika kinavyotamkwa.

Mizani ni Kiswahili

Hii ndiyo mbinu yangu kubwa, na kama una haraka soma hapa tu. Ukikwama kati ya maneno mawili ya Kiingereza yanayolingana sauti, tafsiri sentensi kwa Kiswahili. Kiswahili hakichanganyi pale Kiingereza kinapochanganya.

Chukua their, there na they're. Kwa Kiswahili ukipata -ao, iwe yao, zao, vyao au chao, andika their. Ukipata pale, huko au kuna, andika there. Ukipata "wao ni" au "wana-" yenye mtu anayetenda, andika they're. "Watoto wamesahau madaftari yao": their. "Kuna maji": there is water. "Wanakuja": they're coming. Yameachana yenyewe, hukuhitaji kanuni.

Your na you're vivyo hivyo. Niliwahi kuletewa kadi ya kikao cha harusi imeandikwa "Your welcome". Nikamwambia dada aliyeileta, hebu itafsiri. Akasema, "Karibu." Nikamwambia hapana, kama ilivyoandikwa. Akaangalia, akaanza kucheka: "Karibu yako." Your ni yako. Ukitaka "wewe ni" au "una-", ni you're.

Its na it's huwatesa hata wahadhiri. Yake ni its. "Ni" au "ime-" ni it's. Kinachowachanganya watu ni ile alama ya juu, ritifaa, ambayo sisi tunaijua kwenye ng'ombe na ng'ambo. Kwetu ritifaa inaeleza sauti. Kwa Waingereza, kwenye maneno ya aina hii, ritifaa ni kaburi: pale iliposimama pamezikwa herufi. It's ni it is iliyozikwa i, they're ni they are iliyozikwa a. Fukua. Ukifukua na sentensi ikabaki na akili, ritifaa ni halali. "The dog ate it is food" haina akili, kwa hiyo ni its food. Na kumbuka hakuna anayeandika hi's kwa maana ya "yake". Its ni ndugu wa his na her, wote hawana kaburi.

Whose na who's: "ya nani" dhidi ya "nani ana-". To, too na two: kwa au ku-, pia au mno, mbili. Kwa too sema tu kwamba o imezidi, na mno ni kuzidi.

Kwa affect na effect Kiswahili kimetupa zawadi kabisa. Affect ni kuathiri. Effect ni athari. Hata sisi tunabadili irabu moja tu. Ukisema "mvua iliathiri mavuno", ni affected. Ukisema "athari za mvua", ni effects. Mwanachuo mmoja alikuwa na kichwa cha utafiti kilichoanza "The affects of". Neno hilo lilikuwa limejirudia kurasa sitini na kitu. Tulimaliza saa saba usiku.

Advice na advise, hali moja. Ushauri, nomino, ni advice yenye c. Kushauri, kitenzi, ni advise yenye s, na hii angalau inasikika: mwisho wake ni z. Sasa ishike jozi hii vizuri, maana inakufungulia nyingine mbili ambazo hazisikiki tofauti. Licence ni leseni yenyewe, license ni kutoa leseni. Practice ni mazoezi, practise ni kufanya mazoezi. C ni kitu, s ni kitendo. Hapa Kiswahili kinatega mtego, kwa kuwa leseni tumeiandika kwa s, mkono unakwenda wenyewe kwenye driving license. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho cha shule zetu, kadi ile mfukoni ni driving licence. Wamarekani wao wameandika license kote na practice kote, wakapumzika.

Mtego mwingine wa Kiswahili ni council na counsel. Council ni baraza, halmashauri. Counsel ni ushauri, au wakili mahakamani. Sasa sikiliza lile neno letu: halma-shauri. Lina shauri ndani yake. Ndiyo maana, nadhani, barua nyingi za kwenda manispaa zinafika kwangu zimeandikwa Municipal Counsel. Diwani ni councillor. Counsellor ni mtoa nasaha. Ukimwandikia diwani kama mtoa nasaha hatakukasirikia, lakini barua ya maombi ya kiwanja sipendi iwe na sababu hata moja ya kuwekwa kando.

Vishikizo

Yapo maneno ambayo hata ukijua maana, mkono unasahau lipi ni lipi. Tafsiri imekupa "amani" lakini hujui kama amani ni peace au piece. Hapo unahitaji kishikizo, kitu cha kuning'inizia herufi. Vishikizo vya vitabu vya Kiingereza havikai kichwani mwangu, kwa hiyo natengeneza vya Kiswahili.

Peace na piece nilijifunza kwa aibu. Saa tano usiku alikuja kijana, mpwa wa marehemu, mazishi kesho yake saa nane mchana. Ratiba kurasa nne, picha mbele, nakala mia mbili. Nilichapa haraka, nikaprinti, nikakunja na kupiga stepla pamoja naye hadi saa saba. Akabeba boksi akaondoka. Asubuhi nikaona nakala moja iliyoharibika mezani, nikaisoma nikiwa na chai mkononi. Chini ya picha ya mama wa watu: Rest in Piece. Pumzika katika kipande.

Nilifunga duka nikapanda bodaboda hadi msibani. Boksi lilikuwa halijafunguliwa, liko chini ya kiti cha karani wa michango. Nikamvuta yule kijana pembeni nikamwonyesha. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Dada, tufanye haraka." Nikarudi nikachapa upya ukurasa wa mbele mara mia mbili kwa wino wangu, tukabadilisha, tukawahi. Tangu siku hiyo: peace ina a ya amani. Piece ina i, na hiyo i ipo kwenye kipisi. Kipisi cha sigara, kipisi cha muwa, neno lenyewe pengine lilitoka hukohuko. Sijakosea tena.

Stationery: e ya peni na penseli. Stationary: a za amesimama. Mzee hakunipa hicho, nilijipa mwenyewe.

Prize na price: z ya zawadi. Price ni bei. Sherehe ya shule iliyoandikwa Price Giving Day inatangaza kwamba leo tunagawa bei.

Dessert na desert: ya mezani ina s mbili, sukari sana. Jangwa lina s moja. Diary na dairy: tamka diari kwa Kiswahili, d-i-a, na ndivyo inavyoanza. Nyingine ni ya maziwa.

Complement ni kukamilisha, ina e ileile ya complete. Compliment ni sifa, na sifa ina i.

Accept ni kukubali. Except ni isipokuwa, na x ndiyo alama ya kukata: umekitoa kwenye hesabu. "Please except my application" maana yake, ukiminya, ni "pokeeni zote isipokuwa yangu".

Brake na break zinakutana gereji. Vibao vya "break and lining" nimevichapa kabla sijajua. Break ni kuvunja, na ukitaka kuikumbuka fikiria breakfast, ambayo ni kuvunja mfungo wa usiku, kama sisi tunavyofuturu. Brake ni breki.

Fare na fair: nauli ni fare. Fair ni maonyesho, kama yale ya Sabasaba, nayo ina air ndani yake, hewa ya uwanjani. Fair pia ni haki, na nauli ya sikukuu mara nyingi haina.

Site, sight, cite. Saiti ya mafundi ni site. Kunukuu kwenye ripoti ni cite. Sight ni kuona, na ile gh yake ipo pia kwenye light na night, mambo yote ya macho na mwanga.

Principal ni mkuu wa chuo, au lile deni la msingi kabla ya riba. Principle ni kanuni, na mwisho wake ni sawa na wa rule.

Lose na loose nimeyaacha makusudi hadi hapa, maana ndiyo yanayozunguka mjini kwenye vioo vya magari: Don't Loose Hope. Loose ni kulegea, suruali iliyopwaya, na o zake mbili ni tundu mbili za miguu. Lose ni kupoteza, na imeshapoteza o moja. Don't loose hope ni kama kumwambia mtu asilegeze matumaini. Kusema kweli kuna siku naona linafaa.

Where, here na there ni ndugu watatu wa mahali: tazama, here imo ndani ya wote. Were ni "walikuwa", haina mahali. Then na when ni wa wakati, wanafanana mwisho. Than ni kuliko.

Yale ya masikio yetu

Sasa ugonjwa wa pili, na huu ndio unaogharimu watu kazi. Mwajiri akiona its mahali pa it's anaweza asigundue. Akiona "I leave with my parents" anagundua.

Leave ndiyo livu ya kazini: mtu kachukua livu, kaondoka. Live ndiyo ile ya laivu, mpira uko laivu, mtu yu hai. Kama unakaa Kihonda, you live in Kihonda. Kwa mdomo, leave vuta midomo kama unatabasamu na uikokote kidogo. Live iseme fupi na legevu, karibu uangukie e. Fanya hivyo mbele ya kioo mara kumi. Watoto watakucheka, endelea.

Work na walk. Sivii yenye "five years walking experience" nimeiona mara nyingi kiasi kwamba siulizi tena, narekebisha kimyakimya. Work ina o ya ofisi. Walk ina a ya barabara. Walk tamka kwa midomo ya mviringo, l haisemwi kabisa.

Fill na feel: fill ni ndugu wa full, ile ya sheli, jaza ful. Fomu inajazwa, you fill it. Anayeandika "feel the form" anaipapasa.

Staff na stuff: mlangoni pa ofisi fulani kulikuwa na karatasi, si ya kwangu, imeandikwa STUFF ONLY. Vitu tu. Stuff ina u ya vitu. Staff ina a ya ajira.

Sale na sell. Ukutani tumezoea "Nyumba hii haiuzwi", na anayetaka kuiweka kwa Kiingereza anaandika "not for sell". For inataka nomino: for sale, na sale ina a ya mauzo. Sell ni kitenzi, kuuza.

Quiet na quite: hesabu silabi. Quiet ni mbili, kwa-yet, ukimya. Quite ni moja, kwait, "kiasi". Keep quite haimnyamazishi mtu.

Halafu kuna r na l, pray na play, correct na collect, kwa wale ambao lugha ya nyumbani kwao hizo mbili ni mtu mmoja. Sina kishikizo kizuri hapa. Mbinu yangu ni kuanzia kwenye Kiswahili chenyewe: kama unapata shida ya fahari na fahali, shida hiyo itakufuata hadi kwenye Kiingereza, na ni rahisi kuitibu nyumbani kuliko ugenini. Ni kama wale wanaosema "samani ya fedha" wakimaanisha thamani. Hatuwezi kuwacheka Waingereza.

Kabla hujaprinti

Usitegemee mstari mwekundu. Kompyuta inapigia mstari neno lisilokuwepo. Piece lipo, leave lipo, walking lipo. Zote zinapita salama, wakati mwingine zimepata mstari wa buluu ambao hakuna anayeusoma. Na kompyuta nyingi zinazopita dukani zimewekwa Kiingereza cha Marekani, ndiyo maana zinakupigia mstari kwenye colour na centre uliyofundishwa shule. Ingia sehemu ya lugha, chagua Kiingereza cha Uingereza, uone zimetulia.

Ninachofanya mimi ni hiki. Nina daftari dogo la kurasa arobaini na nane kando ya printa. Humo nimeandika maneno ninayokosea mimi, siyo yanayokosewa duniani. Yako kumi na moja. Mtu mmoja hakosei jozi mia mbili, anakosea zake chache, zilezile, maisha yake yote. Jichunguze kwenye barua zako tano za zamani, utazikuta.

Kisha, kazi ikishakamilika, nabonyeza Ctrl na F, naandika neno la kwanza la daftari, kwa mfano loose, naona limetokea wapi na wapi. Kila linapotokea natafsiri sentensi ile moja. Naenda neno la pili. Barua ya ukurasa mmoja inachukua dakika tatu. Ripoti ya kurasa themanini inachukua chai moja na maandazi mawili. Ukisoma ripoti nzima kuanzia mwanzo hutaona kitu, kwa sababu macho yanasoma ulichokusudia kuandika. Ctrl na F inakuonyesha ulichoandika.

Kwa simu, mshitakiwa wa kwanza awe kile kinachokumalizia neno. Ukianza kuandika kinakupendekezea, kidole kinagusa, ujumbe umekwenda.

Jaribu hii

Hii barua nimeitunga kutokana na nyingi nilizozichapa. Ina makosa tisa. Chukua kalamu kabla hujashuka chini.

"I am leaving in Kihonda with my parents. I have three years walking experience in a hardware shop, were I kept the stock book. I past my Form Four exams and I have a driving license. Please except my application. My former boss can advice you about my character. I will not loose your trust, and I can start on Monday, whether permitting."

Majibu: living, working, where, passed, licence, accept, advise, lose, weather. Whether na weather, past na passed, sikuyagusa juu, ila mizani ileile inatosha: hali ya hewa ni weather, na nimefaulu ni kitenzi, passed. Hilo ndilo linalowapita wengi, pamoja na licence. Na hiyo licence, ukiomba kazi kwa Mmarekani, rudisha s yake, yabaki makosa manane.